Povu Lilale

Saa nne usiku, simu: Nerina imetia nanga nje ya Chapwani,
inataka tani mia na themanini za mafuta mazito
na alfajiri iwe imeshang'oa.
Mimi ndiye wakala. Kazi yangu kukutanisha kiu na bomba:
tishari la Mtoni, kibali cha bandari,
afisa wa forodha ambaye keshavua viatu,
bei ya leo isiyoijua bei ya jana,
na mwenye meli, huko Ugiriki, anayeandika "haraka" mara tatu
wala haandiki atalipa lini.

Namwamsha Ngwali. Hanuni,
haulizi tani ngapi. Anauliza, "Yana joto gani?"
Kwani mafuta yakipata joto hujivuna,
hufura ndani ya tangi kama mtu aliyetajwa redioni,
na uzani wake ni uleule wa jana.
Miaka ishirini na mbili ya utepe na kitambaa
imemfundisha kutoamini kitu kinachopanda haraka.

Tunapanda ngazi ya kamba. Ubavuni, chini ya rangi mpya,
jina la zamani la meli bado linasomeka,
herufi za lugha nisiyoijua, zimevimba kama kovu.
Mpira unaungwa. Beseni la kukingia matone. Redio.
Bomba linaanza kukoroma.

Saa tisa kasoro, bomba linakohoa.
Nakijua kikohozi kile. Ni upepo sasa, si mafuta.
Sleyum wa tishari ananiletea karatasi na kalamu yake mwenyewe:
"Mia na themanini, dada. Utepe umesema. Tia sahihi tukalale."
Kwa kila tani nina changu, naye ana chake,
na mwanangu anadaiwa ada ya muhula.
Kalamu ilikuwa na joto la mfuko wake.

Ngwali akamulika utepe.
Wahenga walisema debe shinda haliachi kutika;
la debe lililojaa povu hawakulisema.
"Tungoje," akasema, "povu lilale."

Basi tukangoja, tumekaa juu ya chuma,
Ngwali, mimi, na fundi mkuu, mtu wa Batumi
mwenye masizi hata kwenye kope.
Alileta chai isiyo na sukari. Nikatoa visheti vyangu.
Kwao, alisema, povu huitwa kapi.
Ngwali akacheka mpaka akashika reli:
kapi! Kwetu makapi ndiyo yanayoruka
mama akipeta mpunga, na hata kuku huyapita.
Fundi hakuelewa, akacheka vilevile.
Sleyum alikuwa akienda na kurudi,
visigino vikigonga sitaha.

Utepe ukashuka tena.
Mia na sabini na sita.
Tani nne zilikuwa pumzi.

Niliandika. Mkono haukuwa shujaa,
ulitetemeka, sita ikatoka kama sifuri yenye mkia,
nikalazimika kuirudia kwa maneno.

Chupa nne, lakiri nne, namba nne.
Moja ni yangu. Kabatini kwangu Malindi
zimepangwa meli za mwaka mzima,
kila moja vidole viwili vya weusi:
hii imezuiliwa Mombasa kwa deni,
hii imekatwakatwa ufukweni Bangladesh,
mbavu zake labda ni nondo za nyumba ya mtu,
na hii, muda wake wa kutunzwa ulipita tangu mwezi wa Safar,
bado sijaimwaga.

Ugiriki hawajalipa. Sleyum hapokei simu.
Leo asubuhi Ngwali kanitumia ujumbe, tarakimu mbili tu:
31.
Joto la tangi.
Hakuuliza kingine.