Shuka Halikutosha

Huku Suwałki tunawahesabu watakatifu wa baridi
kama mdaiwa anavyohesabu siku za mwisho wa mwezi:
Pankrasi, Servasi, Bonifasi,
na nyuma yao, tarehe kumi na tano Mei,
Zośka, mwanamke asiye na haraka,
anayefunga mlango nyuma ya wote.
Akipita yeye, panda.
Nilisubiri hadi akapita. Nikapanda.

Usiku wa tarehe ishirini anga lilitakata mno.
Hakuna wingu, hakuna upepo, mbwa wote kimya.
Redio ilisema digrii tatu. Nikaiamini redio,
nikavuta blanketi hadi masikioni,
blanketi ambalo lingeweza kuwa la nyanya.

Saa nane za usiku Bi Teodozja alikuwa bustanini,
tochi mdomoni,
akifunika vyake: mapazia ya jikoni, magunia,
koti la jeshi la mwanawe,
kitambaa cha meza cha harusi yake.
Alipomaliza vyake akavuka uzio
(miaka miwili hatukusalimiana, kisa tawi la mcheri)
akatandaza shuka lake la mwisho juu ya viazi vyangu.
Lilifika nusu ya tuta.

Asubuhi, mwanzoni, ni uzuri. Sitakuficha.
Kila jani lina pindo la chumvi,
nyasi zinavunjika chini ya kiatu kama kaukau.
Kisha jua likafika, likayeyusha kwa pupa,
na kilichokuwa kioo kikawa kitambaa kilicholowa.
Nyanya kumi na nne, zote mlenda.
Mjozi, majani yake machanga meusi
kana kwamba mtu amepita na kiberiti.
Ila walionidanganya ni stroberi:
maua meupe, petali tano tano, hakuna doa,
hadi nilipoinama nikaona katikati
mboni nyeusi.
Ua linakutazama, na halitazaa.

Nikachukua mkasi.
"Uweke," ikasema sauti ng'ambo ya uzio,
neno la kwanza tangu tawi la mcheri.
"Hujui bado aliyekufa ni nani."

Basi nikangoja, na kungoja ni kazi:
kumwagilia kidogo, kutotia mbolea, kutogusa,
kuishi na weusi unaoning'inia dirishani
wiki moja, wiki mbili,
wageni wakiuliza kama bustani imeungua.
Imeungua, nasema. Chai?

Nyanya hazikurudi. Hilo nalo liandikwe.
Nilinunua miche mingine sokoni, mirefu, myembamba,
kwa bei ya aibu.
Lakini siku ya kumi na saba,
chini ya weusi wa mjozi, kwenye gome tupu
ambalo sikuwahi kulitazama mara mbili,
tumba: dogo, jekundu,
kama noti iliyofungwa kwenye pindo la nguo
kwa ajili ya siku mbaya.
Mti ulikuwa umeliweka hapo tangu lini
bila kumwambia mtu?

Na viazi, nusu ile iliyolala wazi,
vikachungulia tena kutoka chini,
maana kiazi hakianiki mali yake yote juani.
Kufikia Julai tuta lilikuwa moja,
mpita njia asingejua shuka liliishia wapi.
Mimi nilijua. Upande mmoja ulichanua
siku kumi nyuma ya mwenzake,
na Septemba, jembe lilipopita,
ulitoa viazi vidogo, vya ngozi nyembamba.
Mjozi haukuzaa hata kokwa moja.

Nilimpelekea Teodozja ndoo mbili, moja ya kila upande,
na shuka lake, nimelifua mara nne.
Alama haikutoka: mstari wa kahawia
pale udongo wangu ulipolishika.
Alilikunja bila kulitazama.
Akapima kiazi kidogo kiganjani, akakirudisha ndooni.
"Mwakani," akasema, "nunua la kwako."