Andalio la Somo, Jumatano

Darasa la nne. Dakika arobaini.
Watoto themanini na watatu, madawati ishirini na moja.
Mada: Wilaya yetu, milima na mito.
Hayo nimeyaandika upesi, kwa wino,
maana ndiyo mkuu wa shule huyasoma
na aghalabu haendelei mbele ya hapo.

Safu ya malengo ndiyo iliyonikwamisha.
"Mwisho wa kipindi mwanafunzi aweze kuutaja mto Nyamwamba."
Nikaandika, nikafuta.
Nani hapa Kilembe asiyeweza kuutaja?
Mtoto anajua jina lake
kabla hajalijua la shangazi yake,
kwa kuwa usiku wa mvua
ndilo neno linalobisha mlango kwa mlango.

Kitabu cha kiada kina ramani safi.
Mto ni uzi wa samawati
uliolala kando ya barabara
kama mshipi wa mtu aliyekwenda kuoga.
Aliyeuchora alikuwa na mkono mtulivu, simlaumu.
Ila mto wetu haukusoma kitabu.
Ulihama usiku mmoja, bila kuaga,
ukabeba daraja, migomba ya akina Mbambu,
choo cha walimu na mlango wake,
na safu nzima ya nyumba za bati
zilizojengwa enzi za shaba.

Mwaka jana nilifundisha kwa ramani hiyo hiyo.
Nikauliza, nani atatuonyesha kwao?
Bwambale akaja mbele, mikono mgongoni,
akatazama karatasi, akatazama dirisha,
akaweka kidole mahali pakavu, peupe kabisa.
"Hapa, mwalimu. Ndani ya maji."
Darasa likaangua kicheko.
Nami, chaki mkononi, dakika kumi na mbili zimebaki,
nikamsahihisha.
Nikamwambia, soma ufunguo wa ramani:
maji ni samawati.
Akasema ndiyo mwalimu.
Akarudi kukaa.

Taa ya sola imeanza kufifia, na bado nina safu nne.

Vifaa: majivu, debe moja
(Biira wa jikoni ameahidi, mradi debe lirudi).
Kamba ya mbuzi. Mawe, kila mtoto lake,
lisizidi ukubwa wa kiazi.
Kitabu kibaki kabatini hadi dakika ya thelathini.

Shughuli: tutoke uwanjani.
Nimwage majivu pale mto ulipokuwa.
Kisha nikae kimya,
wao waivute kamba pale ulipo sasa.
Watabishana. Waache wabishane,
kwa Kikonzo, kwa Kiswahili, kwa kusukumana kidogo.
Kila mmoja aweke jiwe lake: kwetu ni hapa.
Ndipo tufungue kitabu, tukitazame pamoja,
na swali liwe moja tu:
ramani hii ilichorwa lini?

Tahadhari, kwangu mwenyewe:
Usiulize nani alipoteza nini.
Ukiuliza, hesabu hadi kumi kabla ya kujijibu.
Jiwe likiwekwa ndani ya mto
usilisogeze.

Mkuu atasema somo hili lina majivu mengi
na maneno machache ya kunakili.
Atauliza mtihani wa wilaya utawauliza nini.
Utawauliza mto Nyamwamba unapita wapi,
na jibu lao litakuwa sahihi
na msahihishaji wa mbali ataweka kosa.
Hilo sijui nilifanyeje. Nimeliacha wazi,
pamoja na safu ya tathmini.

Nje manyunyu yameanza. Si mvua bado.
Jirani amezima redio ili asikilize.

Nimebakiza mstari mmoja chini ya ukurasa.
Msaidizi wa mwalimu: Bwambale, sasa yuko darasa la tano.
Ashike ncha ya kamba, ndiye anayejua.
Kumwombea ruhusa kwa mwalimu wake, asubuhi.
Kumwomba radhi yeye,
kabla ya kengele.