Namba Ishirini na Mbili

Nimeandika majibu kabla ya maswali:
lugha, nywila, jina la chuo,
saa za Nairobi, maana orodha haiijui Moshi,
na ndiyo kwa masharti yote ambayo hakuna aliyewahi kuyasoma.
Kisha nikazipanga mezani, kompyuta mpakato thelathini na saba,
zimetoka Ulaya na mikwaruzo na stika za watu wengine.
Nikachomeka flashi, nikakaa.
Hiyo ndiyo raha ya kazi hii, kukaa,
mashine zijisimike zenyewe.

Barabara ya Rengua mtu anavuta geti la duka.
Dakika ishirini. Halafu zote, kana kwamba zimeambizana:
*Hakuna mtandao. Kifaa hakikuonekana.*

Hakikuonekana!
Mimi mtu wa Kibosho, neno hili nalijua.
Kuna wiki nzima mlima hauonekani,
wageni wanauliza uko wapi, kamera mkononi,
na sijamsikia Mchaga akiwajibu: haupo.
Nimefungua moja kwa bisibisi. Kadi ipo,
ndogo kama stempu, nyaya mbili, nyeusi na nyeupe,
kama ndevu za kambare.
Ipo. Ila hajatokea wa kuwatambulisha.

Mama akapiga. "Bado uko kazini?"
"Natafuta draiva, mama."
"Kwani mnasafiri?"

Draiva ya mtandao inapatikana mtandaoni.
Rudia polepole:
ufunguo wa stoo umo ndani ya stoo.
Eliamani akachukua flashi ya pili, akashuka
hadi steshenari ya Ndanshau, kabla hajafunga,
akarudi na megabaiti mia tatu
na harufu ya mishikaki ambayo hakuniletea.

Babu hakuwa na hati ya kihamba. Alipanda masale.
Hapa mwisho wangu, pale mwanzo wako,
na aliyeng'oa jani alijua atakachoitiwa.
Nami nikaigawa flashi hivyo hivyo,
folda kwa kila modeli, kwa jina lile lile
mashine inalojiita ikiulizwa gizani, herufi kwa herufi,
nikaandika amri:
uliza jina kwanza,
ingia shamba lako,
la jirani usiguse.

Ikakataa.
Saa nzima natafuta kosa, nikalikuta:
nafasi moja tupu mwishoni mwa jina,
kitu kisichokuwepo, kimezuia vilivyopo vyote.
Nikacheka peke yangu. Eliamani alishalala juu ya maboksi.

Saa saba usiku zikaanza kuamka,
moja, tatu, safu nzima ya dirishani,
kipanya kinasogea, spika zinakohoa,
thelathini na sita zimeshika mtandao
bila kuuliza swali hata moja.

Ya ishirini na mbili, kimya.
Mfuniko ule ule. Modeli ile ile. Jina lile lile.
Nikageuza, nikafungua: kadi nyingine kabisa.
Pengine kiwandani siku ile zile za kawaida ziliisha,
fundi akatia iliyokuwa karibu, basi la jioni linamngoja.
Simlaumu. Namfahamu kama ninavyojifahamu.
Nikasoma namba zake, nne na nne,
na draiva yake ilikuwamo tayari kwenye mzigo wa Eliamani,
imekaa kwenye folda ya watu wengine.

Asubuhi Mama Shuma wa uhasibu alikuja na chupa ya chai,
akatazama vioo vyote vinavyong'aa,
akanitazama mimi na macho yangu mekundu.
"Si ulisema zinajifanyia zenyewe?"

"Zinajifanyia," nikasema.

Alipotoka nikafungua faili la maelezo,
nikamwandikia atakayekuja baada yangu,
mstari mmoja, maana chai ilikuwa inapoa:
*Na. 22. Usiamini mfuniko.*