Dadu ya Kiazi

Dadu yetu ilipotea siku ya tatu ya tufani ya theluji.
Ilibingirika chini ya jokofu, ikakataa kutoka.
Nikapapasa kwa mpini wa ufagio:
kizibo, soksi moja, punje za njegere.
Dadu hakuna.

Nje, Saskatchewan yote ilikuwa shuka moja jeupe,
nyuzi thelathini chini ya sifuri,
baridi ya kukatisha neno kinywani.
Halyna alikuwa barabarani tangu alfajiri
akisukuma theluji kwa tingatinga la wilaya
ili watoto wa wenzetu wafike shule.
Wa kwetu shule yao ni meza hii ya jikoni,
na mwalimu wao ni mimi,
niliyeangushwa na hesabu darasa la nane.

Nikachukua kiazi, nikakichonga.
Lesia, miaka saba, akanisimamia kama fundi mkuu:
"Baba, sita ikikaa juu, moja ikae chini.
Tano na mbili. Tatu na nne. Kila mara saba."
Nani alikufundisha?
"Hakuna. Niliigeuza tu, nikaichungulia tumboni."
Miaka thelathini na minane nimerusha dadu.
Tumbo lake sikuwahi kulitazama.

Ubao tuliuchora nyuma ya mfuko wa chakula cha kuku,
nyoka wanene, ngazi zilizopinda.
Tukacheza kwa vifungo vya koti la marehemu mama.
Siku ya kwanza kiazi kilitenda haki.
Siku ya pili kikaanza kunywea.
Siku ya nne kimekunjamana kama kisigino,
na Danylo, mwenye miaka mitano,
ambaye namba humtoka kwa kuvutwa kama jino,
anashinda.
Anashinda tena. Kimya, anasogeza kifungo chake.

"Anaiba!" Lesia akalia.
Danylo akapanda mapajani pangu,
akaninong'oneza, pumzi inanukia jemu:
"Inapenda nne."

Basi tukaichunguza. Tukairusha mara mia,
vijistari vya mkaa mlangoni mwa jokofu.
Moja: sita tu. Nne: arobaini na moja.
Danylo ndiye aliyehesabu, kijistari kwa kijistari,
mpaka arobaini na moja, bila kuvutwa.
Supu ikaungua. Aliyetambua ni paka.

Ijumaa, fomu ya wilaya iko mbele yangu.
Somo. Vifaa. Malengo. Muda.
Naandika "kiazi". Nafuta.
Naandika "hesabu", nabaki na kalamu mdomoni.
Halyna anaingia, kope zina barafu,
anausoma mlango wa jokofu kama gazeti,
buti moja bado mguuni,
na anachouliza ni nani ameshinda.

Machi, tulipolisogeza jokofu ili tupige deki,
dadu ya dukani ilikuwepo, imevaa vumbi.
Niliipangusa, nikampa Danylo.
Akairusha mara kumi, akahesabu moyoni,
akanirudishia.
"Hii," alisema, "haipendi chochote."