Huna Deni

Mtaa wa Zanaki, saa nne na robo.
Tausi hana tena kitabu cha risiti
wala ile kalamu aliyokuwa akiichomeka kwenye ushungi.
Ananyoosha mashine, inapiga picha namba ya gari,
inalia kidogo, basi. Anahamia la pili.

Na huko Tandika, juu ya kabati,
simu ya marehemu inatetemeka.

Mama hajaizima tangu arobaini.
Anaichaji kila jioni, umeme ukiwapo.
Anavaa miwani, anasoma polepole:
"Ndugu Athumani Kiswabi, gari lako limeegeshwa.
Unadaiwa shilingi mia tano."

Limeegeshwa. Na nani, haikusema.
Anajua ni mimi, nimekwenda tena benki
kufuatilia mirathi, mara ya sita hii,
na faili eti bado linatafutwa.

Nilimwambia: tubadilishe jina, Mama,
ujumbe uje kwangu, nilipe mwenyewe.
Akajifunga kanga upya, kama hakusikia.

Narudi magharibi, nakuta ameshalipa.
Ananionyesha jibu, kidole juu ya kioo:
"Asante, Athumani. Huna deni."

Huna deni, anarudia, si kwangu,
kisha anatafuta waya wa chaji.