Mgongo wa Deoksun

Deoksun huyainamia magari
kwenye lango la chini la duka kubwa.
Glavu nyeupe, kofia, tabasamu la mkataba.
Jeusi la mkurugenzi: kiuno kizima.
Kijigari cha mwalimu: kichwa tu,
ingawa kanuni za duka hazibagui.
Mgongo wake unajua bei ya kila bati.

Leo limepita bovu, linakokotwa,
ndani hamna mtu.
Akaliinamia.
Fundi wa mbele akacheka; naye akacheka,
kisha akaikumbuka kamera.

Usiku, Seoul inauma masikio.
Anavua viatu mlangoni.
Mke wa mdogo wake, mikono ina kitunguu saumu,
anamwamkia, shingo imeshuka kidogo.

"Chini zaidi," asema Deoksun,
anangoja,
mkoba ungali begani.