Kaakaa la Polamma

Polamma huvuta kinyume:
ncha inayowaka ndiyo anayoitia kinywani,
midomo akaifumba, moshi ukajitafutia njia puani.
Alifundishwa na mama mkwe, mwaka wa arusi,
wakifua kwenye mawe ya mto Vamsadhara.
Mikono ina povu, nani ataishika chuta?
Ikiwa hivi haidondoshi jivu kwenye sari za watu,
na mvua ikinyesha haiizimi.

Kaa limekaa kwenye kaakaa
miaka arobaini na mmoja,
na Ramulu, mumewe, anayelala ubavuni pake,
hajawahi kuuona moto wake gizani.

Alikwenda Srikakulam kwa ajili ya jino.
Jino tu.
Daktari Vasundhara akainua taa, akalisahau jino:
dari ya kinywa imepauka, ngumu kama kisigino,
imetapakaa vidoa vyekundu,
vitundu vya mate vilivyovimba.
Panauma?
Wala.

Uso wake siujui.
Mimi hukutana na watu wakiwa wamekwanguliwa kwa brashi,
wamepakwa kwenye kioo,
wametiwa rangi ya buluu na ya chungwa.
Nyingi za seli zake zimetulia, bapa kama chapati,
kiini katikati, hakina habari.
Halafu hii.
Kando ya kiini, kiini kingine,
kidogo kuliko ufuta,
kilichoachwa nje seli ilipogawanyika,
kama mtoto aliyesahauliwa stesheni
treni ya Howrah ikishika kasi,
na ndani ya behewa hakuna aliyehesabu watoto.

Mimi nahesabu.
Seli elfu moja, na kidude cha chuma kinalia tik.
Mama yangu, niliyemkwangua kwa majaribio
(akalalamika siku nzima), alikuwa na wawili.
Polamma ana kumi na tisa.

Si saratani. Naandika hivyo, nakolezea wino.
Ni mwandishi anayenakili kitabu chumbani mwenye moshi:
hapa karuka herufi, pale karudia mstari,
na nakala yenye kosa ndiyo inayonakiliwa kesho.
Anaweza kurekebisha. Anaweza asirekebishe.
Kioo hakiniambii.

Vasundhara anapiga simu.
Amemwambia aache, kwamba kinywa hujivua ngozi
na kuvaa nyingine, kikipewa nafasi.
Polamma akafikiri sana, akauliza:
"Na nikiigeuza, je?"

Wiki hii Ramulu kaja kliniki peke yake, kafuata dawa ya kifua.
Kasema usiku kaamka kwa hofu:
nukta nyekundu ilikuwa inaelea kitandani,
inapanda, inashuka, inafifia.
Kumbe ni mke wangu, kasema,
na akacheka mpaka akakohoa.

Miezi mitatu, kisha atakwanguliwa tena.
Nimetenga kioo kimoja kitupu, droo ya kushoto.
Jina lake nimeliandika kwa penseli.